Marhamu ya Kutuliza Ngozi Baada ya Kunyoa: Jinsi ya Kuitengeneza Nyumbani

Nanyoa watu hapa Kondele, Kisumu, na swali ninaloulizwa kuliko yote si la mtindo wa nywele. Mtu akishuka kwenye kiti anajipapasa shingo, kisha anauliza, "Kinyozi, hii umenipaka inauzwa wapi?" Nikimwambia natengeneza mwenyewe, mengine yanafuatana: nta naitoa wapi, mbona yangu iligeuka maji, mbona ya shemeji iliota ukungu, je, naweza kutia shubiri? Nimeyajibu moja moja miaka mingi. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, ili anayetaka kuanza aanze bila kupoteza mafuta yake.

Karibu marhamu zote zilizoharibika ambazo watu wameniletea kutazama ziliharibiwa na mambo mawili: maji yaliyoingia ndani, na vipimo vya kukisia kwa jicho. Soma mwongozo huu ukiwa na hayo mawili akilini.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Wembe ukipita usoni hauchukui ndevu peke yake. Unakwangua pia sehemu ya juu ya ngozi na mafuta yake ya asili, ndiyo maana jasho linachoma na upepo unaifanya ngozi ikakamae. Marhamu inaweka utando mwembamba wa mafuta na nta, ngozi isipoteze maji wakati inajirudi. Ni hilo tu. Si dawa ya vipele vya ndevu. Ndevu zetu zimejikunja; ukizikata chini kabisa zinabaki na ncha kali, na zikianza kuota zinapinda na kuingia tena kwenye ngozi. Hapo ndipo kipele kinapozaliwa. Marhamu itapunguza ukavu na muwasho, lakini kipele chenyewe utakipunguza kwa kubadilisha namna unavyonyoa, na hilo nitalifikia.

Wanaoipenda zaidi kati ya wateja wangu ni watu wa boda. Mkanda wa helmeti unasugua palepale chini ya kidevu nilipopitisha wembe, jua linapiga, vumbi linaingia, na kufika jioni shingo imekuwa nyekundu na mbichi. Kwao utando huo unaonekana faida yake siku hiyohiyo.

Na kama mfuko hauruhusu, nitakuambia ukweli ninaowaambia wateja: mafuta mazito ya kawaida ya kujipaka, yale meupe yasiyo na harufu, yanaziba ngozi vizuri. Hata mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo nyumba nyingi huku Magharibi zinayo tayari yamewasaidia wengi. Hii ya kutengeneza ina faida ya kuwa nyepesi zaidi usoni, haing'ari sana, na unajua kila kilichomo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha jiko

Vya kutia ndani:

- Nta ya nyuki
- Mafuta ya shea
- Mafuta ya nazi
- Mafuta ya alizeti
- Lavenda, ukipenda harufu (si lazima)
- Vitamini E, ukiipata (si lazima)

Vyombo:

- Mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 1
- Sufuria kubwa, na jagi la chuma au mkebe imara unaoingia ndani yake
- Kijiko cha chuma au mwiko mkavu
- Kitambaa cha melikani
- Mikebe midogo yenye vifuniko, ya bati au ya glasi
- Spiriti ya kupangusia
- Beseni la maji baridi

Usiruke mizani. Kijiko cha nta iliyokwanguliwa na kijiko cha nta iliyoyeyuka havina uzito sawa, na hapo ndipo mtu anapata marhamu ngumu kama mshumaa leo na uji wiki ijayo, halafu analaumu shea.

Nta niizungumzie kidogo, maana ndiyo inayosumbua watu. Waulize wauza asali, hasa wale wanaoleta kutoka Baringo na Pokot Magharibi. Walio wengi wanatupa masega au wanayauza bei ya chini baada ya kukamua. Nta halisi inanukia asali. Ukiifinyanga mkononi inapata joto, inalainika na kunata kidogo. Ukivunja kipande kikavu, pale kilipovunjika pana chembechembe. Ikiwa laini na ya utelezi kama mshumaa wa dukani, haina harufu yoyote, basi imechanganywa na mafuta ya mishumaa. Irudishe.

Shea tunayoipata huku inatoka kaskazini mwa Uganda, nchi ya Walango na Waacholi. Huko wanayaita moo yaa. Mjaluo akisikia neno hilo anatambua mara moja kwamba ni mafuta, kwa sababu kwetu pia mafuta ni mo. Shea hii ya upande wetu wa Afrika ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi inayosifiwa kwenye video nyingi. Ndiyo sababu ukifuata kipimo cha mtu wa Ghana ukiwa Kisumu, marhamu yako italegea. Iliyo nzuri ina rangi ya maziwa au njano hafifu na harufu ya kokwa, pengine na moshi kidogo. Ikinusa uchachu, iache hata kama ni ya bei nafuu.

Mafuta ya nazi yasiyosafishwa yana harufu nzuri, lakini kuna watu wanaotokwa na chunusi wakiyapaka usoni. Ukiwa mmoja wao, acha nazi kabisa na gramu zake uziweke kwenye alizeti, kisha uongeze nta gramu 1 au 2.

Vitamini E kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuchacha. Haiui vijidudu, kinyume na wengi wanavyodhani. Tafuta ya tokoferoli tupu. Ile ya asetati, inayojaa kwenye vidonge vya kemisti, haina ubaya kwa ngozi, lakini haiyalindi mafuta yaliyo kwenye mkebe.

Kipimo cha gramu 100

Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia, mahali penye joto:

- Nta gramu 12
- Shea gramu 40
- Nazi gramu 20
- Alizeti gramu 28

Kakamega au Bungoma, punguza nta iwe gramu 10 na alizeti iwe 30. Nakuru, Eldoret na Kericho, nta gramu 8 na alizeti 32.

Sababu ni hali ya hewa. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Kisumu mchana yako maji siku zote. Nakuru, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai unayachimba kwa kijiko. Shea nayo inalegea ikikaribia joto la mwili. Kinachoshikilia kila kitu ni nta, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 62 hadi 64. Niliwahi kumtumia binamu yangu wa Nakuru mkebe wa kipimo cha Kisumu. Akaniambia inabidi aupashe moto kwapani kabla haujakubali kidole. Tangu hapo kila mji nina kipimo chake.

Gramu 100 zinajaza mikebe miwili ya gramu 50, na kwa mtu mmoja huo ni mzigo wa miezi mingi. Usitengeneze nyingi mara ya kwanza.

Kama nta yako ni ya mzinga, isafishe siku moja kabla

Nta mbichi ina vipande vya nyuki, majivu na asali. Tia masega kwenye sufuria ya zamani, mimina maji yafunike, weka moto mdogo. Itayeyuka na kuelea, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na juu yake utaona miguu na mabawa ya nyuki yakizunguka. Usiyaache maji yachemke kwa nguvu. Mimina yote kupitia melikani uliyoikunja mara mbili, juu ya beseni la plastiki gumu, huku mtu wa pili akishika ncha. Mtu mmoja peke yake huungua. Nina alama kwenye kifundo cha mkono inayonikumbusha. Funga kitambaa, kikamue kwa miti miwili badala ya vidole.

Kisha liache beseni mpaka kesho yake bila kuligusa. Asubuhi utakuta duara la nta limeelea juu ya maji, rangi ya dhahabu, limejitenga na kingo. Ligeuze. Upande wa chini una tope la kijivu. Likwangue kwa kisu mpaka ufike njano safi. Likiwa bado na madoa, rudia. Halafu lifute, livunje vipande, uvianike kivulini siku nzima. Tone la maji lililojificha ndani ya nta litakusumbua kesho.

Maji hayo usiyamwage kwenye sinki. Nta ikiganda ndani ya bomba, utamwita fundi.

Hatua kwa hatua

1. Osha vyombo vyote kwa maji ya moto na sabuni, suuza, viache vikauke kabisa. Mikebe na kijiko uvipanguse kwa spiriti na uviache wazi mpaka harufu iishe. Fanya hivi kabla ya kuwasha jiko, na chupa ya spiriti uipeleke chumba kingine. Spiriti inashika moto haraka.

2. Pima kila kitu. Weka jagi tupu juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, tia. Nta uikwangue kwa kisu iwe vipande vidogo ili isichelewe. Andika ulichopima kwenye daftari, hata kama una uhakika utakumbuka.

3. Weka maji kwenye sufuria kubwa, kina cha vidole vitatu. Tandika kitambaa chini ili jagi lisigongegonge. Washa moto mdogo. Unataka maji yatokote polepole. Yakianza kurukaruka yataingia ndani ya jagi. Usiyeyushe nta moja kwa moja juu ya jiko hata siku moja. Nta ikipata moto kupita kiasi inawaka kama mafuta ya taa. Ikitokea, zima jiko, funika kwa kifuniko cha sufuria, usimwage maji. Watoto wasiwe jikoni wakati huu.

4. Tia nta na alizeti ndani ya jagi, liingize kwenye maji. Usilifunike, kwa maana mvuke utaganda chini ya kifuniko na kudondokea ndani. Koroga mara mojamoja mpaka usione kipande chochote. Kwa gramu 100 huchukua dakika 10 hadi 15.

5. Ongeza mafuta ya nazi, koroga.

6. Toa jagi kwenye maji na ulifute nje, chini na pembeni, kwa kitambaa kikavu. Tone linaloning'inia chini ya jagi ndilo linaloingia kwenye mkebe wakati wa kumimina, na watu hawalioni. Sasa tia shea. Joto lililobaki linatosha kuiyeyusha. Ukiona nta imeanza kuganda mabonge kabla shea haijaisha, rudisha kwenye maji ya moto dakika moja.

7. Jaribu kwa kijiko. Kabla hujaanza uwe umeweka kijiko kwenye friji au kwenye maji baridi na kukikausha. Dondoshea matone mawili ya mchanganyiko, ngoja dakika 2 au 3, bonyeza kwa kidole. Inatakiwa izame kidogo kisha iteleze ikipata joto la kidole. Ikikataa kuzama, ongeza alizeti gramu 2. Ikitawanyika, ongeza nta gramu 1, yeyusha tena, jaribu tena. Hatua hii ndiyo inayotenganisha mafundi na wanaobahatisha, na inachukua dakika chache tu.

8. Ngoja mpaka uone utando mwembamba unaanza kujikusanya ukingoni mwa jagi. Hapo tia vitamini E matone 10 na lavenda matone 20, si zaidi. Ukitia lavenda mchanganyiko ukiwa wa moto sana, harufu yote inaishia jikoni. Uso si mahali pa manukato mengi. Matone 20 kwa gramu 100 hayafiki asilimia 1, na hapo panatosha.

9. Mimina kwenye mikebe. Iweke mara moja ndani ya beseni la maji baridi yanayofika nusu ya mkebe, kwa uangalifu maji yasiruke ndani. Shea ikiganda polepole inatengeneza chembechembe kama semolina; ikiganda haraka inakuwa laini. Funika kwa kitambaa kikavu kisichogusa marhamu, wala usikaze vifuniko kabla haijapoa kabisa, la sivyo jasho la mvuke litajikusanya chini ya kifuniko.

10. Bandika karatasi: tarehe, kipimo, na kama ina lavenda. Weka mahali penye kivuli, mbali na dirisha.

11. Jaribu kwenye ngozi kabla ya kupaka usoni. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, acha saa 24. Pakivimba au kuwasha, usiitumie. Mara nyingi mkosaji ni lavenda. Tengeneza tena bila hiyo.

Kuhusu shubiri

Hili ndilo swali linaloniletea barua nyingi, na najua kwa nini. Shubiri imejaa kwenye nyua zetu, bibi zetu waliitumia, Waluo tunaiita ogaka, na kweli inatuliza ngozi iliyoungua. Mtu anasema: mbona usisage tu utie ndani?

Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Nilisaga majani matatu, nikachanganya na mafuta yaliyo vuguvugu, nikapiga kwa uma mpaka ikawa kama krimu. Ilipendeza sana. Nikajaza mikebe 14 na kuwagawia wateja. Siku ya nane mwalimu mmoja mzee, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi na mkebe wake, akaufungua mbele yangu bila neno. Juu palikuwa na manyoya ya kijivu, na chini maji yamejitenga. Alikuwa ameipaka siku mbili kabla hajaona. Nilimwomba msamaha, nikawapigia simu wengine wote, nikaitupa yote. Jambo lile liliniuma, kwa sababu mtu alikuwa ameniamini uso wake.

Shubiri ni maji karibu yote. Maji na mafuta havikai pamoja bila kitu cha kuviunganisha, na penye maji, ukungu na bakteria hustawi, hata pale macho hayajaona kitu. Wenye viwanda wanatia vihifadhi kwa vipimo vya maabara. Sisi jikoni hatuna. Kwa hiyo usitie shubiri, maji ya waridi, asali, maziwa, maji ya tango wala maji ya limau. Friji haitakuokoa, inachelewesha tu.

Ukitaka shubiri, itumie mbichi. Kata jani, lisimamishe kwenye kikombe dakika 15 ili ule utomvu wa njano utiririke wote, maana huo ndio unaowasha. Lioshe, limenye, chukua ute mweupe tu, paka usoni, acha ukauke, halafu paka marhamu juu yake. Uliobaki utupe siku hiyohiyo. Ni kazi ya dakika chache na inafanya vizuri kuliko chochote kilichosagwa.

Vingine watu wanavyotia, ambavyo havifai

Limau na ndimu: mafuta ya maganda yake, hasa ya ndimu, yakikutana na jua la Kisumu yanaweza kukuachia madoa meusi na malengelenge. Peremende, mkaratusi na kafuri: vinaleta ubaridi ambao watu wanaudhania ni uponyaji, lakini juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa vinachoma. Dawa ya meno hata nisiizungumze.

Lililo baya zaidi ni kuchanganya tyubu za kemisti ndani. Kuna krimu zenye steroidi ambazo vinyozi wengine wanazitia ili vipele vipotee kwa siku mbili. Vinapotea kweli, kisha ngozi inakonda, inabadilika rangi, na vinarudi vikiwa vibaya kuliko mwanzo. Dawa ya namna hiyo daktari ndiye anayekupa, kwa muda aliokuambia.

Namna ya kuipaka

Nyoa kwanza vizuri, maana marhamu haitengenezi kilichoharibiwa na wembe butu. Lainisha ndevu kwa maji ya vuguvugu na sabuni dakika 3, fuata zinakoelekea, usivute ngozi, usirudie mahali pamoja mara nne. Mwenye vipele vingi aache wembe, anyoe kwa mashine na kubakiza kama milimita 1. Watu hawalipendi jibu hili. Wanataka kidevu king'ae. Lakini ndevu isiyokatwa chini ya ngozi haipati nafasi ya kujichoma ndani, na nimeona shingo zilizokuwa kama gome la mti zikitulia kwa wiki chache tu za kufanya hivyo.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi, gongagonga kwa taulo safi bila kusugua. Pakiwa bado na unyevu kidogo, chukua marhamu ya ukubwa wa punje ya hindi, isugue viganjani mpaka iwe mafuta, bonyeza usoni na shingoni. Ukiona bado unang'aa baada ya dakika 5, umepaka nyingi. Penye mkato unaotoka damu, gandamiza kwanza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, na marhamu iruke hapo.

Mkono uwe mkavu unapochota. Kama wewe ni kinyozi, chota kwa kijiti safi kwa kila mteja, usirudishe kijiti ndani. Mapunye na majipu yanasafiri kwa njia hiyohiyo.

Ikiharibika

*Ina chembechembe.* Shea iliganda polepole, au mkebe ulikaa kwenye gari la moto ukayeyuka na kuganda tena. Bado ni nzima. Yeyusha kwa maji ya moto, poza haraka kwenye beseni. Ukipenda, acha tu, zinayeyuka viganjani.

*Imegeuka maji mchana.* Nta haitoshi kwa joto la kwako. Yeyusha yote, ongeza gramu 2, fanya jaribio la kijiko.

*Ngumu, inavuta ngozi.* Nta imezidi. Ongeza alizeti gramu 3 kwa gramu 100.

*Imepasuka katikati au ina shimo.* Tabaka la juu liliganda kabla ya la ndani. Pasha juu kidogo au uache. Ni sura tu.

*Kuna matone ya maji chini ya kifuniko.* Ulifunika ikiwa ya moto. Ikiwa ni leo, futa matone, pangusa kifuniko kwa spiriti, acha kikauke. Ikiwa ni wiki iliyopita, tupa.

*Inanuka kama mafuta ya mandazi ya juzi.* Imechacha. Tupa. Ikitengenezwa na mafuta mapya na kuwekwa kivulini, hukaa miezi 6 bila shida.

*Madoadoa, manyoya, au rangi iliyobadilika.* Tupa bila kukwangua juu. Usiiyeyushe ukidhani moto utaitakasa.

*Vipele havipungui, vina usaha, au kisogoni pameota vinundu vigumu visivyoisha.* Hapo marhamu imefika mwisho wake, na wembe pia uache. Nenda hospitali uonwe na daktari wa ngozi. Walio Kisumu wanaijua Russia ilipo, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Vile vinundu vya kisogoni vikiachwa vinaweza kuwa makovu makubwa yasiyorudi nyuma, na nimewaona vijana waliokuja wakiwa wamechelewa miaka mitatu kwa sababu kila kinyozi aliwaambia ni joto tu.

Ukitaka kuuza

Kumpa ndugu mkebe ni jambo moja, kuweka bei na jina ni jingine. Bidhaa za kupaka ngozi zinazouzwa Kenya zinatakiwa kuwa na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na wanao utaratibu wa biashara ndogo. Nenda ofisi yao na daftari lako la vipimo, lile lililoanzia hatua ya pili, lenye tarehe na gramu za kila jagi ulilowahi kuyeyusha.